Mfuko wa Unga Juu ya Mzani

Jumapili, Machi 2016. Riverside, Buffalo.

Upepo wa mtoni haujatulia tangu asubuhi. Theluji ya kando ya barabara imeshakuwa nyeusi, na nyumba hii ya kaka yangu inapitisha baridi kila dirisha. Nimechoka, nina hasira, na leo nimemdanganya mama yangu kwa kutumia miguu yangu mwenyewe. Naandika hapa kwa sababu humu ndani hakuna wa kumwambia.

Nianze na habari ya mieleka, maana bila hiyo mtu atadhani nimechanganyikiwa.

Sisi ni watu wa Uvira tuliokulia kambini Kigoma, na huku Marekani tumetawanyika. Mama na mdogo wangu Esperance wako Louisville. Mimi niko Hilliard, pembeni mwa Columbus, napanga mizigo ghalani. Kaka yetu mkubwa, Amani, yuko hapa Buffalo na mke wake, wifi yangu Neema. Kinachotukutanisha si harusi wala ibada. Ni mieleka ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Najua. Hata kanisani kwangu wananishangaa.

Lawama zote ni za Amani. Kazi yake ya kwanza nchi hii ilikuwa kusafisha ukumbi wa mazoezi wa chuo kimoja kule Columbus, kupiga deki mikeka ya mieleka kwa maji ya dawa. Akawa anawahi kazini ili awatazame wale vijana wakikabana. Akirudi nyumbani anatukamata sebuleni, mguu huku, shingo kule, kutuonyesha alichokiona, na mama anapiga kelele tutavunja meza ya watu. Mwisho ugonjwa ukatupata wote, mpaka mama.

Mieleka yao imegawanywa kwa uzito, madaraja kumi. La chini kabisa ni paundi mia ishirini na tano, la juu ni la wazito. Kila Machi, kabla ya ubingwa, mashabiki hukaa wakachagua kipenzi chao katika kila daraja. Sisi tuna sheria yetu, na aliyeitunga ni Amani: unachagua katika daraja lako mwenyewe. Unapanda mzani, unapiga picha miguu yako na namba, unatuma kwenye grupu. Daraja unaloangukia ndilo lako, na kijana utakayemtaja hapo ni mtoto wako mpaka ubingwa uishe. Madaraja yaliyokosa mwenyewe tunayagombania kwa kelele.

Mama ni wa wazito na hana aibu. Kijana wake tunamwita Mtoto Mkubwa. Esperance huacha chapati wiki nzima ili ashuke daraja, eti na yeye anajiandaa. Hamisi, Mtanzania rafiki yangu anayesoma chuoni kule Columbus na kupanga chumba mtaa wa University District, ni mwembamba lakini ndiye mwamuzi wa ugomvi wetu wote. Mimi ni wa mia sitini na tano. Kijana wangu ni Mchungaji, tumemwita hivyo kwa sababu hupiga goti kabla ya kuingia mkekani, halafu anamtesa mtu bila huruma.

Mia ishirini na tano haijawahi kupata mwenyewe. Hatuna mtu mzima mdogo kiasi hicho.

Amani alianza kwenye mia tisini na saba. Mwaka jana mzani ukasema mia themanini na tatu, akaangukia daraja la mia themanini na nne. Akatuambia Neema amepunguza mafuta kwenye mboga. Tulimcheka. Mama alimwambia Neema ampe kaka yetu mafuta yake.

Kumbe ilikuwa imeshaanza.

Ni kansa ya tumbo. Mama anajua ni vidonda vya tumbo, ndivyo Amani alivyomwambia, na Esperance naye anajua hivyo hivyo kwa sababu hawezi kumficha mama kitu hata dakika moja. Mama ana presha. Siku tunamzika baba alianguka pale pale kaburini tukadhani tunazika wawili. Amani anasema hataki kumwona tena vile. Kila nikimwambia tumwite, jibu ni moja, na Kifaransa chetu cha Uvira mwanzoni: "Bon, ubingwa upite kwanza. Halafu tutamwambia polepole."

Mwezi uliopita Neema alinipigia simu akiwa amejifungia ndani ya gari. Hospitali wamesema hawana tena dawa ya kujaribu. Wanamtuliza maumivu tu.

Nitasema wazi kwa sababu mezani siruhusiwi kusema. Mimi nataka mama amkute. Nataka aingie mlango huu Amani akiwa bado anaweza kumwambia "karibu mama". Presha ina vidonge. Kumkosa mtoto wako kwa sababu ya mieleka, hiyo haina kidonge.

Basi leo asubuhi ndiyo siku ya mzani. Nilikuwa nimeendesha jana kutoka Columbus, nikakuta Amani amekalishwa kwenye kochi na mito pande zote. Alikuwa amevaa fulana ya chuo aliyopewa enzi za deki. Ile fulana zamani ilimbana kifuani. Leo niliona mabega yake yako mahali na mabega ya fulana yako mahali pengine.

Neema akaleta mzani, tukamshika mikono, akapanda.

Mia na kumi na nane.

Neema akaenda jikoni akafungua bomba la maji, na hakuna chombo alichokuwa anaosha. Amani alizitazama zile namba muda mrefu, kisha akacheka bila sauti. "Unaona, Furaha," akasema, "wale vijana wanakimbia na majaketi ya plastiki na kutema mate kwenye chupa ili washuke. Mimi nimeshuka mpaka karibu natoka nje ya mchezo."

Sikucheka. Ningeweza kumpiga.

Halafu akasema jambo lake. Alikuwa ameliwaza, niliona hivyo, kwa sababu alilisema haraka bila kusitasita. Mimi nina mia sitini na tatu. Jikoni kuna mfuko wa unga wa fufu wa paundi ishirini, haujafunguliwa. Nivae soksi zake, nibebe mfuko, nipande mzani. Kwenye picha haionekani kitu juu ya vifundo vya miguu. Atakuwa palepale alipokuwa mwaka jana na mama atalala.

Nilimwambia hapana. Nilimwambia huo ni upuuzi, na kwamba aliyetunga sheria ndiye anaivunja. Akaninyooshea soksi. Amani hajawahi kuniomba kitu. Yeye ndiye aliyekuwa anapanga foleni ya mgao kambini kwa ajili yetu, yeye ndiye aliyetujazia fomu, yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha gari kwenye barafu huku akifumba macho kwa woga. Sasa ameniomba nisimame juu ya mzani.

Nikavaa soksi zake. Nyeusi, kubwa, kisigino kimenifika juu ya kisigino changu. Nikaukumbatia ule mfuko kifuani, nikapanda. Mia themanini na tatu, haikuzidi wala kupungua. Amani alifurahi mpaka akakohoa.

Kaka yangu mzima, kwa leo, ni mimi na unga.

Neema akapiga picha, Amani mwenyewe akaituma. Akaandika chini yake: miguu ina baridi, msinicheke soksi. Nikavua, nikapanda tena peke yangu peku, nikatuma yangu. Hamisi akaja juu mara moja na takwimu zake, nani ana goti bovu na nani amepoteza mapambano ya karibuni. Esperance akamtaja wake. Amani akamchagua kijana mmoja mwenye masikio yaliyovimba kama mandazi, akamtetea kwa ujumbe wa sauti wenye hoja tatu nzito, na kwa nusu saa sebule hii ilikuwa na kelele kama zamani. Alikuwa na akili zake zote. Alikuwa anajua kila mmoja wao anavyoshika, anavyoteleza, anavyochoka. Nilijisemea, haya, labda alikuwa na haki, labda furaha hii inatosha kulipia uongo wenyewe.

Ikafika zamu ya mama. Mama hapendi kuandika, anatuma sauti. Tulijua atasema nini, kila mwaka ni Mtoto Mkubwa. Amani akaweka simu juu ya mto ili sote tusikie.

"Bon, mi leo sichague wa wazito," mama akasema. "Huyo mumupe Espe. Mi nachagua ule mudogo kabisa, wa mia makumi mbili na tano. Kila mwaka anakosaka mwenyewe. Mwaka huu ni wangu."

Hamisi akajibu kwamba kwa heshima zote mama amevunja katiba, yeye na mia ishirini na tano wapi na wapi. Esperance akatuma vicheko. Mama akatuma tena, akamtaja kijana mmoja mwembamba wa mikono mirefu, akauliza kama mama yake atakuwepo ukumbini. Hilo ni swali lake la kila mwaka kwa kila kijana, kwa hiyo nikacheka na mimi.

Amani hakucheka. Alichukua simu, akaizima, akaiweka kifudifudi. Baada ya muda akasema amechoka, na Neema akamfunika blanketi.

Nilikuwa nakunja soksi zake wakati simu yangu ilipolia. Mama, sauti, kwangu peke yangu. Nikaenda nayo nje kwenye ngazi, upepo ukinipiga masikioni, nikaibana ile simu ili nisikie.

Hapa inabidi nieleze kitu kimoja. Mimi nikibeba mzigo, vidole vya miguu yangu vinaingia ndani, vinatazamana. Nikiwa mikono mitupu nasimama sawa kama watu, lakini nipe ndoo, nipe gunia, miguu inajikunja yenyewe. Ilianza kambini nikichota maji. Mama alikuwa anatembea nyuma yangu na ndoo yake, na njia nzima ni maneno yale yale mgongoni kwangu: nyoosha miguu, Furaha, utaanguka. Miaka yote ya utoto wangu. Nilishasahau, kwa sababu ghalani wanatupa vitoroli.

Ujumbe wake ulikuwa mfupi.

"Furaha. Nyoosha miguu, mwanangu."

Ikafuata redio ya Esperance nyuma yake. Halafu akaendelea, polepole, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonimaliza: "Donc, usiniambie tena vidonda ya tumbo. Huyu mutoto nilimubeba mu mugongo toka mu milima ya Uvira mpaka ku ziwa, najua uzito yake. Niliskia sauti yake ya Krismasi ikakuwa nyepesi. Nilikuwa nangoja muniambie. Mi nakuya. Espe ananipandisha mu basi leo. Usimuamushe, umuache alale."

Nilirudi ndani nikaifungua ile picha. Ni kweli. Soksi nyeusi za kaka yangu, kubwa, na ndani yake vidole vyangu vinatazamana kama vya mtoto aliyekosea. Watu wote kwenye grupu waliiona. Hakuna aliyeona ila yeye. Na daraja alilolichagua, la mia ishirini na tano, ndilo la Amani wa leo.

Nimekaa nikiwaza lini alijua. Sauti ya Krismasi, anasema. Sasa ni Machi. Maana yake mama amekaa Louisville majira yote ya baridi, anaenda kazini kwenye nyumba ya wazee, anawageuza watu kitandani, anarudi, anaongea na sisi kwenye simu habari za presha yake na bei ya samaki, na anajua. Tulikuwa tunamlinda yeye, kumbe yeye ndiye aliyekuwa anatulinda. Naona aibu, lakini zaidi ya aibu naona woga. Mtu aliyengoja miezi yote hiyo hapandi basi la ghafla kwa sababu ya picha ya soksi. Kuna kitu kingine amekisikia leo kwenye sauti ya Amani alipokuwa anamtetea yule kijana wa masikio. Mimi nilisikia furaha. Sijui mama alisikia nini.

Jioni sasa. Amani ameamka mara moja, akanywa uji vijiko viwili, akauliza kama mama ameandika kitu kingine. Nikasema hapana. Huo ni uongo wa pili kwa siku moja, na nilifikiri utakuwa mgumu kuliko wa kwanza. Haukuwa. Akasema, "Umeona? Amekubali." Akalala tena na uso umetulia, kama mtu aliyeshinda pambano. Neema nimemwambia. Akaanza kutandika kitanda cha chumba cha nyuma, akabadilisha foronya ambazo tayari zilikuwa safi.

Mzani nilitaka kuuficha kwenye buti la gari. Nimeuacha bafuni. Wa kumficha nani tena?

Ule mfuko wa unga Neema ameufungua. Anasema mama akifika hatakubali chakula cha dukani, kwa hiyo kesho atasonga fufu, na Amani akionja hata tonge moja itakuwa sherehe. Nilimtazama akiumimina kwenye ndoo, ule uzito wote niliomwazima kaka yangu.

Asubuhi nitamwambia Amani kwamba mama yuko njiani. Atanikasirikia, na ana haki. Naomba Mungu awe na nguvu ya kukasirika, anitukane kabisa. Halafu nitakwenda stendi ya basi mapema, nisimame mahali ambapo mama ataniona kabla hajakanyaga chini. Atanipa mizigo yake, namjua, mifuko kwa mifuko. Nitaibeba yote, na miguu nitainyoosha.