Mama wa Dunia Ile Nyingine

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimerudi mtoni saa tatu. Mitungi minne. Punda amechoka, mimi nimemshinda kuchoka. Mchanga umekauka, tunachimba hadi kiunoni ndiyo maji yaonekane. Tunachota kwa kisima cha kina Mama Syombua. Ya kwao yana chumvi kidogo, lakini nani anachagua.

Njiani tunapita kisima chetu. Miiba tuliyokizungushia bado iko. Sikukiangalia. Miaka tisa sijakiangalia.

Binti yangu Ndanu ameamka saa nne. Amekunywa chai nusu kikombe. Ako likizo, chuo kinafunguliwa tarehe 22. Anaandika tu kwa daftari, mistari mistari. Nilidhani ni hesabu za huko.

Jumatano, 3 Septemba

Si hesabu. Nimemwuliza leo tukichambua ndengu. Akaniambia kuna watu wamesoma sana, wanafikiri dunia si moja. Ati kila mtu akichagua kitu, dunia inagawanyika. Hapa umekunywa chai, kule umekunywa uji. Zote zinaendelea, hazionani.

Nikamwuliza kama kule pia mvua imekataa. Akasema pengine imenyesha. Nikamwuliza kama kule nina magoti mazuri. Akacheka. Sijamsikia akicheka tangu aje.

Nilifurahi mpaka jioni. Halafu nikajiuliza, msichana wa miaka ishirini na moja anataka dunia nyingine ya nini.

Jumamosi, 6 Septemba

Kina mama wa kusuka kiondo walikuja kwangu. Saba. Mama Syombua ameleta katani iliyotiwa rangi kutoka mjini Wote, nyekundu haijashika vizuri.

Nilikuwa nimekosea chini kabisa, uzi mmoja nimeuruka. Sikuona mpaka nikafika katikati. Hakuna dawa ya hiyo. Unafumua hadi chini au unakubali kiondo kipinde. Ndanu alikuwa ananiangalia nikifumua. Akasema hivyo ndivyo angetaka kufanya na siku. Kufumua hadi chini.

Mama Syombua akamwambia, "Fumua na ndoa yangu basi, uniwachie mbuzi tu." Wakacheka wote. Ndanu hakucheka. Akaingia ndani.

Nilijua ni siku gani anasema. Sikumfuata. Nilijifanya nahesabu nyuzi.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani hakwenda. Baada ya ibada nilimwuliza Pasta kuhusu dunia mbili. Akasema ako na mahubiri ya kutosha kwa hii moja. Ni mtu mzuri. Lakini hakunisaidia.

Jumanne, 9 Septemba

Leo amesema. Tulikuwa jikoni, nimempa mgongo, nakoroga muthokoi ya mahindi na maharagwe.

Akaniita kikwetu, mama yangu: "Mwaitu, siku ile zamu ya maji ilikuwa yangu."

Akaendelea na mambo ya dunia zake. Ati kuna moja ambayo yeye ndiye alienda mtoni, na Mutua, mdogo wake, akabaki nyumbani. Na huko Mutua ako na miaka kumi na tisa, ana ndevu kidogo, anamsumbua baba yake amnunulie pikipiki.

Ningegeuka nimshike. Sikugeuka. Nikaongeza chumvi. Muthokoi imekuwa chumvi tupu, tumekula hivyo hivyo.

Mimi ni mwoga. Naandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuandika.

Jumatano, 10 Septemba

Usingizi hakuna. Niandike ile siku, labda itatoka kichwani.

Ndanu alikuwa na miaka kumi na mbili, Mutua kumi. Ndanu alikuwa wa kuchota. Asubuhi akasema tumbo linauma. Nikamwita Mutua, aende na punda. Kisima kilikuwa kirefu na chembamba. Tulikuwa tumechimba kwenda chini tu, kila siku chini, kufuata maji. Kupanua ni kazi ya siku nzima na watu wengi, tukasema tutaita watu Jumamosi. Kila mtu hapa anajua kisima cha mchanga unakipanua kabla ya kukishusha. Kila mtu anajua na kila mtu anasema Jumamosi.

Saa nne mchanga ulianguka. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 19 mwezi huu huu. Hapo nawacha.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimefanya kitu kibaya. Ndanu akioga, nimefungua daftari lake. Mimi nilitoka shule darasa la sita, mengi yako kwa Kiingereza na sikuyaelewa. Lakini tarehe najua kusoma. Tarehe 19, saa nne, imeandikwa ukurasa baada ya ukurasa. Na picha ya shimo. Mstari mmoja unashuka ndani ya shimo, unatoka ukiwa miwili.

Nimempigia baba yake. Ako mjini Sultan Hamud, analinda duka la mbao, anarudi mwisho wa mwezi. Akasema nimnyang'anye simu, ni simu inawaharibu. Nikamwambia si simu. Akasema zamu inaanza, tutaongea. Hata yeye jina la Mutua hulizunguka kama shimo.

Naogopa. Siogopi dunia mbili. Naogopa kupoteza wa pili katika hii.

Jumapili, 14 Septemba

Wazo limenijia nikimenya viazi, limenikalisha chini.

Kama ni kweli anavyosema Ndanu, basi kuna mama huko. Mimi huyu huyu, jikoni hii hii. Mutua wake anataka pikipiki. Na huyo mama, miaka tisa anapita mahali fulani mtoni haangalii. Analilia nani? Analilia Ndanu.

Huyo mama angetoa punda, mbuzi na macho yake yote mawili apate asubuhi moja tu ya kumwona Ndanu amelala mpaka saa nne na kukataa chai. Na mimi ninaye hapa, jana nimemgombeza kwa sababu ya blanketi.

Nimekwenda nikamwangalia akilala. Akafungua macho, akaniuliza kuna nini. Nikasema hakuna, natafuta kuku.

Jumanne, 16 Septemba

Nimejikaza, nimemwuliza kama mtu anaweza kurudi nyuma. Akasema mashine hakuna, hiyo ni hadithi. Lakini yeye mwenyewe anawaza kuwa pale dunia ilipogawanyika pengine ni pembamba. Kama kitambaa kilichosuguliwa. Mtu akiwa pale pale, saa ile ile, nani anajua.

Nikasema, ukiwa pale ufanye nini? Akasema, nishuke mimi.

Alisema taratibu tu, kama mtu anaeleza njia ya kwenda sokoni. Mikono yangu ilikuwa na unga, nikaifuta kwa leso hata ilipokuwa safi.

Sanduku lake halijapangwa.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimeficha jembe na koleo chini ya kitanda changu. Karai nimempa Mama Syombua aweke, nikamwambia na sababu. Ameahidi kutonisema. Amelia kidogo.

Ijumaa, 19 Septemba

Nilitaka nisimwache hata dakika. Lakini saa tatu mbuzi mmoja aliingia kwa mihogo ya jirani, kelele, nikakimbia. Nilirudi nikakuta kitanda kitupu. Jembe liko, koleo liko. Sufuria yangu kubwa ya muthokoi haiko.

Sijui nilifikaje mtoni na haya magoti.

Miiba ilikuwa imesukumwa kando. Alikuwa ndani, shimo limemfika kifuani, anachota kwa sufuria na kumwaga nyuma ya kichwa chake. Anachimba chini tu. Kuta zimesimama wima. Mchanga ulikuwa unatiririka pembeni polepole, kama unga ukichekechwa.

Nilitaka kuruka. Ningeruka tungezikwa wote. Baada ya Mutua walitufundisha, ukingoni usisimame, lala. Nikalala kwa tumbo mbali kidogo, nikavua leso, nikashika upande mmoja, mwingine nikautupa kwake. Hakuushika. Hata hakuangalia juu.

Akasema, "Bado dakika, Mwaitu. Nenda nyumbani."

Basi nikasema. Miaka tisa nimeimeza.

"Nilijua huumwi."

Sufuria ikasimama.

"Lile tumbo. Ulikuwa umemaliza viazi vya jana vyote, na nilikusikia ukicheka na ndama nyuma ya ghala. Nilijua ni uongo. Ulikuwa umechota wiki nzima peke yako na shingo ilikuwa inakuuma, nilikuona ukiikanda. Nikasema moyoni, wacha alale leo. Mimi ndiye nilimwita Mutua, Ndanu. Wewe hukumtuma mtu."

Mchanga uliendelea kutiririka. Halafu akaniuliza kwa nini sikuwahi kusema.

Nikamwambia ukweli. Niliogopa akijua kwamba nilijua, ataniuliza kwa nini basi nilimtuma mwingine.

"Kwa hivyo rudi nyuma," nikamwambia. "Rudi hata mara mia. Kila mara utanikuta mlangoni, na kila mara nitaona shingo yako, na nitakuambia lala. Na ukipita kwa nguvu ushuke hapa, kuna mama upande ule atalala kwa tumbo kama mimi, na hatakuwa na wa kumtupia leso. Unamfanyia nini huyo?"

Akaanza kulia. Kulia kwa kitoto, na kamasi. Akashika leso.

Nilivuta. Upande wa kushoto uliporomoka akiwa ameshatoa magoti nje. Sufuria imebaki huko chini. Tulilala pale mchangani tukihema kama mbuzi. Sijui saa nne ilipita saa ngapi. Hakuna aliyeangalia simu.

Baadaye akasema, "Mwaitu, viazi havikuwa vyote. Nilimwachia Mutua viwili."

Nikasema najua. Alivila akienda.

Jumamosi, 20 Septemba

Mwili wote unauma. Ndanu amelala mpaka saa tano. Sikumwamsha. Alipoamka amekula sahani mbili, akaniuliza muthokoi tutapikia nini sasa. Nikasema tukaitoe sufuria.

Mama Syombua aliita watu. Wamekuja kumi na wanne, na majembe na karai. Jumamosi ile tuliyoisema imefika. Tumechimba kwa upana kwanza, upana wa nyumba ya mbuzi, halafu ngazi, halafu ndiyo kushuka. Ndanu alichimba katikati ya kina mama. Sufuria tumeipata, imebonyea. Maji yalikuwa mkono mmoja chini yake.

Baba yake amefika mchana na basi. Nilikuwa nimempigia jana, nikamwambia yote. Hakutaja zamu yake ya kazi. Alivua shati akaingia shimoni, akachimba mpaka jua likashuka, akalisema jina la Mutua mara mbili. Kwa mtu kama yeye hiyo ni hotuba.

Jumatatu, 22 Septemba

Ndanu ameenda chuo asubuhi. Baba yake amempeleka mpaka barabarani. Amekubali kumwona yule mama wa huko chuoni anayeongea na wanafunzi wenye mizigo ya moyo. Ameahidi kupiga simu kila jioni. Daftari ameniachia. Amesema kurasa za nyuma ziko tupu, niandike humo.

Bado naogopa. Nitaogopa tu, ndivyo nilivyo. Lakini nimechoka kwa njia nyingine leo, ile ya mtu aliyefika.

Nimeenda mtoni peke yangu na punda. Sikwenda kwa kina Mama Syombua. Nimeshuka ngazi zetu, nimekaa nikingoja maji yajikusanye. Hayana chumvi. Nilikuwa nimesahau.

Nimejaza mitungi minne. Halafu nimechota kikombe kimoja cha yule mama mwenzangu wa dunia ile, nikakimwaga mchangani, upande ule. Pasta asijue. Nimemwambia Ndanu wake nimemlisha, ameenda shule. Nimemwomba naye amnunulie Mutua wangu hiyo pikipiki, lakini amwambie aendeshe polepole.

Punda akaanza kuondoka. Nikamfuata.