Kofia ya Rula Iko Kichwani Mwangu

Mpendwa mshauri, shikamoo. Kofia ngumu ya kazini aliyoanguka nayo Rula ninayo mimi, na sijamwambia mtu yeyote, si mama, si msimamizi wetu, wala mama mzazi wa Rula ambaye anaitafuta.

Mimi ni msichana, nimemaliza shule juzi juzi tu, na wakati nasubiri matokeo mjomba alinitafutia kibarua kwenye kikundi cha mafundi rangi, na kwa kuwa mimi ni mtu wa aibu, hata nikiulizwa jina langu sauti inakwama kooni, siku ya kwanza nilisimama langoni nimekumbatia mkoba hadi dada mmoja akanijia akasema, "Wewe ndiye mgeni, au umekuja kupaka lango kwa macho?" Huyo ndiye Rula. Walimwita hivyo kwa sababu alipaka mstari wa pembeni mwa dari kwa mkono mtupu na ukanyooka kama umepigwa rula. Ndiye aliyenifundisha kushika brashi, kukoroga rangi isifanye mabonge, na kupanda jukwaa la mabomba tunalosimamia kupaka juu, maana mimi nilikuwa naogopa hata ngazi ya nyumbani, basi alikuwa ananitanguliza, yeye anakuja nyuma yangu huku akisema, "Panda mdogo wangu, ukianguka utaniangukia mimi, na nyama ninazo."

Siku ile tulikuwa kwenye ukuta wa nje wa jengo la ofisi, mimi niko chini nakoroga rangi, Rula yuko jukwaani, na juu yake kuna mafundi wanafungua mabomba, bomba moja likawaponyoka likampiga kichwani, nikasikia mlio kama sufuria imeanguka, akayumba, akaanguka. Hakulia wala hakusema neno. Niliona uso wake, alikuwa ameshaondoka. Watu wote walimkimbilia yeye, mimi nikaikimbilia kofia, ilikuwa inabingirika kuelekea barabarani na niliona nisipoidaka itakanyagwa na gari, nikaificha ndani ya mfuko wa vitambaa vya kufunikia sakafu. Mpaka leo sijui kwa nini nilikimbilia kofia.

Tuliporudi kazini baada ya mazishi miguu yangu iligoma. Naweka mguu kwenye ngazi, goti linacheza lenyewe. Nikajifungia chumba cha kubadilishia nguo, nikavua kofia yangu nikavaa yake, ndani bado inanukia mafuta yake ya nywele, na nikapanda mpaka juu kabisa. Tangu hapo siwezi kupanda bila hiyo. Ilikuwa na ufa kuanzia utosini hadi karibu na sikio, nikauziba kwa puti, ile tunayozibia nyufa za ukuta, nikapiga msasa, nikaipaka nyeupe na ilipokauka nikarudia, kama alivyonifundisha, na sasa hata wewe ukiishika huoni kitu.

Lakini naogopa, mshauri, naogopa hata nikiwa nimeivaa. Nikiwa juu nausikia ule mlio wa sufuria, nageuka, hakuna kitu. Upepo ukitikisa turubai nadhani kuna mtu anashuka nyuma yangu. Juzi nilishika bomba nikashindwa kuliachia, hadi fundi tunayemwita Mzee Kopo akaja kunibandua vidole kimoja kimoja akitania, "Binti, hilo bomba lina mwenyewe, usitake kwenda nalo kwenu," watu wakacheka, nami nikacheka, lakini meno yalikuwa yanagongana.

Wiki iliyopita mama yake Rula alikuja kuchukua vitu vya mwanawe. Msimamizi akampa viatu, ovaroli na brashi. Akauliza, "Na kofia?"

"Labda ilibaki hospitali, mama."

"Hospitali nimekwenda. Nataka tu kuona ilivyopigwa, nijue kama mwanangu aliteseka."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo, ninayo kichwani. Akanigeukia, "Hujambo mwanangu, wewe ndiye yule mdogo wake?" Nikaitikia kwa kichwa, huku naogopa puti isije ikabanduka mbele yake.

Mwezi ujao tunahamia jengo refu kuliko yote tuliyowahi kupaka. Nikimpa mama yake Rula hii kofia sitaweza kupanda tena, na nisipompa, macho yake hayaniachi. Nifanyeje ili huu woga uniishe? Tafadhali usiandike jina langu, na ukimaliza kusoma barua hii ichane.

Ni mimi, mdogo wake Rula

*

Binti yangu, kama gazeti hili limekukuta juu ya jukwaa, shuka kwanza, kisha uendelee kusoma.

Umeniuliza kuhusu woga na kuhusu mama wa watu, lakini lililoninyanyua kitini ni lile ulilolitaja kwa kupita tu. Puti! Umeziba kofia ya kazi kwa puti! Nilimpigia simu fundi majukwaa ninayemfahamu, nikamsomea mistari ile, akauliza, "Huyo mtoto bado anaivaa?" Nikamwambia sijui, maana hukuniachia hata namba ya simu. Basi sikia alichoniambia: kofia ikishapokea pigo zito imekwisha kazi yake, hata kama haina mkwaruzo. Yako imepasuka kutoka utosini hadi karibu na sikio. Msasa na rangi yako vimeficha tu. Kikidondoka kitu leo, ni sawa na kuwa kichwa wazi. Unadhani Rula angekuacha upande na kitu kama hicho? Angekuvua kwa kofi.

Pole, mwanangu. Nakukaripia kwa sababu umenitia hofu. Tangu nisome barua yako sipiti chini ya jukwaa bila kutazama juu.

Kesho, kabla hujavaa ovaroli, nenda kwa msimamizi. Kwa kuwa sauti yako hukwama kooni, maneno nakuandikia mimi: "Bosi, kofia yangu imepasuka, naomba nyingine. Na kwa sasa siwezi kupanda, nipe kazi ya chini." Yaseme hata kama unatazama viatu vyako. Akikataa, rudi nyumbani. Ndiyo, rudi! Kibarua kingine kitapatikana. Mtu aliyeona mwenzake akifa hatakiwi kulazimishwa kwenda juu, na goti linalocheza halikudanganyi. Nenda pia hospitali, ulizia mshauri nasaha wa watu walioona mambo ya kutisha, umweleze kuhusu ule mlio na kuhusu vidole vilivyoganda. Hilo si suala la kuona haya.

Kofia mpelekee mama yake, na mjomba wako akusindikize. Usiikwangue wala kuifuta, ipeleke kama ilivyo. Huenda akakasirika, mwache akasirike. Halafu mwambie ulichoniambia mimi, kwamba hakulia wala hakusema neno na alikuwa ameshaondoka. Jibu analolitafuta kwenye kofia liko kwako, na wewe unakaa nalo kimya huku mzazi anazunguka hospitali! Ukitaka kitu cha kumkumbukia dada yako, muombe mama ile brashi. Brashi haitakuua.

Jina lako nimelificha. Barua sikuichana, samahani, kwa sababu nilitaka watu wa kazi yako waisome. Nanyi mafundi mnaosoma ukurasa huu, mkimwona binti mwenye kofia nyeupe inayong'aa kuliko za wenzake, msimcheke wala msimwambie kwamba mmesoma habari zake. Mshusheni, mpeni kofia nzima, na haya mengine yaishie hapa hapa, kati yetu.