Watoto Waliokatazwa Kulala

Rumonge, mwezi wa Shaabani

Kwa dada yangu Mwasiti binti Feruzi, Ujiji.

Salaamu zangu zikufikie wewe, na shemeji, na watoto wote wa nyumba hiyo, na Mama yetu kabla yenu nyote. Natumaini kifua chake kimetulia tangu baridi ipungue, na yule mjukuu aliyechelewa kutembea amekwisha kusimama. Ukitaka kujua hali yetu, sisi tuko, pumzi inaingia na kutoka, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Anayekukabidhi barua hii ni Mzee Uledi, jirani yangu, na umekwisha kumwona mtoto aliyefuatana naye. Ndiye mwanangu, jina lake Sikujua. Mpe chakula kwanza, mtandikie mahali penye utulivu, ndipo uendelee kusoma. Na kama Mama amekaa karibu nawe akingoja umsomee kama kawaida, mwambie wino umefifia, utamsomea baadaye. Isome peke yako, dada.

Habari za malale bila shaka mmezisikia huko, maana watu wa mitumbwi huzibeba kila bandari. Mtu anaanza kusinzia mchana, anasahau kula, anakonda, mwisho halali wala haamki, anakufa. Wadachi wanaotutawala wanasema ugonjwa unaletwa na mbung'o wanaokaa kwenye vichaka vya kando ya ziwa. Kwa hiyo ilitoka amri kwamba sote tunaokaa karibu na maji tuhamie juu mlimani, na vichaka vyote vikatwe. Huenda neno hilo ni la kweli, mimi sibishani nalo. Lakini kwetu Gatete lilikuja na moto. Askari walichoma nyumba mtama ukiwa bado ndani, na mitumbwi wakaipasua kwa shoka ili mtu asirudi majini.

Nilikuandikia kuwa mume wangu Mustafa amefariki. Sikukuandikia alivyofariki. Alilala kifudifudi juu ya mtumbwi wake, akawaambia askari ni wa marehemu baba yake, wamwachie ataukokota mwenyewe mpaka mlimani. Askari mmoja akampiga kitako cha bunduki tayani, kisha akampiga kisogoni. Mwanangu Sikujua alikuwa ameshika ncha ya shati la baba yake. Meno ya Mustafa yalimwagika mchangani, na mtoto akainama kuyaokota moja moja akiyapangusa, akidhani yatarudishwa. Tulipanda mlima jioni ile akiwa ameyafumbata kiganjani, na sikuweza kumfumbua vidole mpaka kesho yake.

Huko juu walitujengesha kijiji kipya, vibanda vimepangwa mstari kama makaburi ya vitani, na aliyewekwa kuwa mnyapara wetu ni kaka Hamisi. Usimfikirie vibaya kwa kuupokea unyapara. Alikuja kwangu kuniuliza, tukakubaliana kuwa ni heri tusimamiwe na damu yetu kuliko mtu wa mbali. Mwanzoni alitufaa sana. Alinisaidia kuezeka, akamletea Sikujua ndagala za ziwani kila alipopata, akambeba mabegani kama alivyokuwa akinibeba mimi Ujiji.

Sasa nikueleze habari ya watoto. Siku chache baada ya kuhama, mtoto wangu aliacha kulala usiku. Alikaa macho wazi akiutazama mlango, na usingizi ulipomzidi nguvu alianza kusaga meno, mlio wake kama wa mawe mawili yakikwaruzana. Jino moja la mbele lilimeguka pembeni. Nilidhani ni wangu tu, kumbe mlima mzima. Tulipokutana kisimani kila mama alikuwa na lake. Mmoja alimwekea mwanawe kijiti mdomoni, akakikuta kimetafunwa vipande. Wa mwingine alijing'ata ulimi, akaamka na damu kifuani. Ikazuka habari kwamba mtoto anayesaga meno anamtafuna mtu wa nyumbani, na anayetafunwa ndiye atakayefuata kwa malale. Jirani yangu wa Kirundi akaniambia, "Mutoto wako iko anakula meno kila siku, mama, uangalie asikumalize." Niliona kina mama wakianza kuwaogopa watoto waliowazaa.

Mtoto asiyelala usiku hulala mchana, hilo halina ujanja. Na kulala mchana ndiyo alama waliyokuwa wakiitafuta. Daktari wa Kidachi alikuwa akija na watu wake, tunapangwa juani wakubwa kwa wadogo, mtu wake anapita akitubonyeza shingo kutafuta tezi. Anayesinzia mstarini anavutwa pembeni na kupelekwa kambini kuchomwa sindano. Wengi hawakurudi. Waliorudi, wawili niliowajua kwa sura, walirudi wakiongozwa na fimbo, macho yamekufa. Basi sisi tukaanza kuwakataza watoto kulala. Kwanza tuliwaimbia na kuwachezesha. Kisha tukawamwagia maji. Kisha tukawafinya mapajani, tukawapaka pilipili kwenye kope, tukawachapa. Nami nilimchapa, dada. Nilimchapa kwa mwiko, kwa kamba, kwa mkono, mtoto ambaye baba yake hakumgusa hata kwa ukucha. Ukipita kijijini mchana ungesikia vilio kila kibanda, ukadhani askari wameingia, kumbe ni mama zao.

Kaka Hamisi alikuwa akiona yote na kugeuza uso. Aliwaambia wakubwa wake kuwa watu wake wazima. Kisha siku moja ya ukaguzi msichana aliyemwita mzima alianguka mstarini na hakuamka tena, malale ya kweli yalikuwa yamemla zamani. Daktari akauliza nani aliyemficha. Hamisi alilazwa mbele yetu sote akapigwa hamsa ishirini, kiboko kikirudi na nyama. Hakulia. Mkewe Aziza aliniambia baadaye kwamba tangu siku ile naye alisaga meno, mwanamume mzima, mpaka taya likamvimba.

Baada ya pale hakuwa Hamisi tuliyelelewa naye. Alipita vibandani na kiboko mkononi akiwajaribu watoto. Anayefumbua macho upesi alimwacha. Anayechelewa alimchapa mpaka aamke, na asiyeamka alimwandikisha. Alisema anatuokoa, kwamba bora mwanao alie mbele yako kuliko kunyamaza kambini. Aliwachapa na wanawe, Aziza akitazama. Watoto wakawa wakisikia kikohozi chake tu wanajikojolea.

Sasa nafika mahali ambapo mkono wangu mzito, na nitaandika upesi.

Asubuhi ya ukaguzi wa mwisho wanaume wote walikuwa wametelemshwa kubeba mizigo ya daktari. Nilikuwa uani natwanga chikichi. Mwanangu Sikujua alikuwa amekesha, akalala pembeni ya kinu, na mimi nilimwacha. Nilichoka kumpiga, dada. Hamisi akaja. Akamwita, mtoto hakuitika. Akamchapa nyayo, mtoto akafumbua macho, akamtazama mjomba wake, akayafumba tena. Akamsimamisha, mtoto akalala amesimama. Nikamwambia mwache, nitamwamsha mwenyewe. Akasema, "Wakimkuta hivi watanichuna ngozi iliyobaki." Akamshika kisogo akamzamisha uso kwenye chungu kipana tunachochemshia chikichi, kilikuwa kimejaa maji. Nilidhani ni mara moja tu. Hakumtoa. Nilimvuta mkono, akanisukuma nikaanguka. Miguu ya mtoto ilirusha mchanga, kisha ikaanza kupunguza kurusha.

Nilichukua mchi nikampiga kichwani.

Huko watakuambia, na hata Mzee Uledi atakuambia, kwamba mdogo wako Hamisi aliangukiwa na mti katika kukata vichaka. Si kweli. Nilimpiga mimi. Na kama ingekuwa pigo moja nisingekuwa na haja ya barua ndefu hivi, maana mama yeyote angelielewa. Pigo la kwanza lilimfanya amwachie mtoto. Mtoto alianguka kando akitapika maji, yuko hai, nilimwona kwa macho yangu kuwa yuko hai. Hamisi alikuwa amepiga magoti, damu inamtiririka sikioni, mkono mmoja ameuinua. Akaniita, "Kadogo." Jina hilo hakuna aliyelitumia tangu tuondoke Ujiji. Nilimsikia vizuri. Ndipo nikampiga la pili, na baada ya hilo sikuhesabu.

Aziza ndiye aliyefika kwanza. Alisimama akatazama. Alinitoa mchi mikononi, akaumwagia maji ukatakata, akaurudisha kinuni na kuanza kutwanga, ili watakaosikia wasikie watu wako kazini. Alitwanga huku machozi yanamdondokea humo. Kina mama wengine wakaja mmoja mmoja. Walimfunga Hamisi kwenye mkeka, wakambeba mpaka pale chini palipokuwa na mti uliokatwa nusu, wakamlaza, wakausukuma mti umwangukie. Nilisikia ulivyoanguka. Kuna mmoja wao aliyerudi amejishika tumbo akacheka, akashindwa kuacha kucheka, ikabidi apigwe kofi.

Daktari aliwasili alasiri. Askari wakamwambia habari ya mti, akatikisa kichwa, akaandika, akaendelea na kazi yake. Alipofika kwa Sikujua alimbonyeza shingo, akamchoma kidole akaitazama damu yake kwenye kioo chake. Alimtazama nyayo pia, na mikwaju ya mgongoni, ya Hamisi na ya kwangu. Mkalimani akaniambia: mtoto hana malale, hana kitu, anataka kulala tu, mwacheni alale. Nilikaa chini palepale. Walidhani ni furaha.

Tulimzika Hamisi kwa heshima, alioshwa na kusomewa. Siku ya tatu Aziza aliniita. Alisema hatanishtaki kwa Wadachi, kwa sababu wangetufunga sote na kijiji kingechomwa tena. Lakini alisema wanawe hawana baba, na mimi ndiye niliyewaondolea, kwa hiyo nitawalimia, nitawatwangia, nitawavika, mpaka mdogo wao aweze kujitafutia. Halafu akasema, "Wangu hawana wa kumwita baba. Wako nisimwone tena hapa akikuita mama." Nilimwomba kwa Mungu, nikamshika miguu. Akaniambia nichague, hilo au boma la Wadachi. Sikumlaumu. Nimechagua.

Kwa hiyo Sikujua ni wako, dada. Hajui kilichomuua mjomba wake, au labda anajua, sijathubutu kumwuliza. Njiani Mzee Uledi atakuwa amemwambia kuwa anakuja kumsalimu bibi. Akiuliza lini atarudi, usimdanganye siku. Usimlaze na watoto wengi kitanda kimoja, na mtu asimwamshe kwa kumshika shingoni. Chakula anapenda ugali wa muhogo na ndagala za kukaanga kwa mawese, zisizo na pilipili.

Limebaki la Mama. Hamisi alikuwa mwanawe wa kiume wa pekee, nami najua alivyomwombea. Ningeweza kumwachia ule uongo wa mti aulilie apone. Aziza alisema nimwachie. Lakini kila nikifikiria Mama akinitumia salaamu za rambirambi, akinipa pole kwa kufiwa na kaka, siwezi. Mwambie wewe, kwa wakati utakaouona, lakini mwambie yote, na lile pigo la pili pia. Akisema nisiitwe tena mwanawe, niandikie kama alivyotamka, usilainishe neno. Akinyamaza, niandikie kuwa amenyamaza.

Nisalimie shemeji na majirani wa mtaani. Watoto wa Hamisi wanakusalimu, shangazi yao, wamekaa hapa wakinitazama ninavyoandika, na mkubwa amenishikia taa.

Wako wa tumbo moja,
Sharifa binti Feruzi