Kosa Yenye Sitaki Kutengeneza

Mama Marthe, mushauri wetu wa radio, nisaidie, maana mutu wa kuambia haya maneno sina tena.

Mimi Mahmoudi, natunza ordinateur, ile kompyuta ya bureau moja hapa Kisangani yenye inaandika majina ya watu wenye vita ilitawanya, watoto huku, mama zao kule, na kila mara machine inakufa yenyewe na majina ya siku ile inapotea, donc nikatunga programme ya kurekodi kila kitu chenye kinaingia kwenye noyau, ile kiini yenye inatawala machine yote, kila touche yenye kidole inafinya, kila mupigo wa saa, kusudi nikirudilisha, machine iishi ile siku vilevile mpaka ikufe palepale, nione kosa, na mwenye alikuwa anaandika ile siku nilirekodi ni Zaina, bibi yangu wa ndoa, na kesho yake vita ya siku sita ikaanza, akavuka mto na pirogue kutafuta mama yake, na mpaka leo, miezi tano, hajarudi.

Mama, nikirudilisha, anaandika mbele yangu, herufi zake zinatoka moja moja kwenye écran, kioo ya machine. Anaandika Kavugo, anasimama, anafuta, anaweka h. Kosa nililiona zamani, iko mustari moja tu ndani ya noyau, lakini nikiigusa, ile enregistrement haitacheza tena, inakubali tu kiini yenye kosa yake, basi kosa naiacha vile, kila asubuhi namutazama, majina ya watu inaendelea kupotea, wakubwa nawaambia ningali natafuta. Nyumbani napakua sahani mbili. Nifanye nini?

Mahmoudi

Papa Mahmoudi, pole. Pole ya kweli, mimi pia kuna sauti moja ningetoa chochote niisikie tena.

Lakini umenikasirisha! Mama wa watu anakuja na picha ya mutoto wake, jina inaandikwa, jioni inapotea, na dawa wewe umeikalia! Aa, papa, haya! Ile écran haikuulizi hata kama umekula.

Tengeneza leo, usiniambie kesho. Kama kuna namna ya kuweka kiini ya zamani pembeni, weka, mimi mambo ya machine sijui. Kama hakuna, iende. Alafu uwaambie wakubwa ukweli, mbele ya wao kujua wenyewe.

Na neno moja. Umeniandikia mpaka ile h ya Kavugho, lakini haukuniambia kama jina ya Zaina iko kwenye liste yenu ya watu wenye kutafutwa. Haiko, si ndiyo? Uliogopa, ukiandika itakuwa kweli. Na yeye, kama iko ngambo ya mto anauliza watu, nani atamuambia kuna mutu anamutafuta? Ukimaliza kutengeneza, keti kwenye kiti yake, uandike: Zaina, anatafutwa na bwana yake.