Fundi Baiskeli Asiyepona

Jumatatu, 6 Juni 1994
Baridi. Mguu wa kushoto umekakamaa tangu asubuhi. Nimetafsiri kanda mbili za karate, sauti imekwisha. Kama kawaida nimekaa nyuma ya pazia na maiki yangu, wateja wanasikia sauti tu. Afadhali. Nimechoka kutazamwa mguu.

Kapinga, mwenye banda la video, ameleta kanda mpya. Imetoka Dar ndani ya boksi la spea za Kijapani. Kijapani chenyewe hakuna anayekijua Songea nzima, mimi nikiwemo. Hainisumbui. Hata Kihindi sikijui, na filamu zake natafsiri kila wiki.

Jumanne, 7 Juni
Desturi yangu ni kuitazama kanda asubuhi, nipange maneno. Leo jenereta haikuwa na dizeli mpaka saa tisa. Nimeingia kichwakichwa.

Kumbe si karate. Ni dada mmoja fundi baiskeli, mguu mmoja umepooza, anatembelea mkongojo kama mimi. Watu wakaanza kuguna. Nikaogopa watatoka. Basi nikasema amerogwa na mke mwenza wa mama yake, mwishoni atapona. Kila akitembea nikamtilia mlio, chwapu-tii, chwapu-tii. Wamecheka mpaka benchi likaanguka.

Hajapona. Amefunga duka, amenawa mikono, ameenda nyumbani kula. Mwisho. Wakanizomea. Nikawaambia atapona sehemu ya pili.

Kwenye filamu za Kihindi kilema hupona au hufa. Huyu nimweke wapi?

Jumatano, 8 Juni
Wamejaa zaidi. Wanaulizia sehemu ya pili. Kapinga ameshaiandika ubaoni kwa chaki. Nimemwambia haipo. Akasema, "Osmundi, wewe endelea kuahidi tu." Chwapu-tii tena. Najichukia, ila kula lazima nile.

Alhamisi, 9 Juni
Hivyo hivyo. Kichwa kinauma.

Ijumaa, 10 Juni
Baada ya onyesho pazia likafunuliwa. Ni Regina, fundi cherehani wa mtaa wa Mfaranyaki, yule mwenye chuma mguuni. Amekuja siku tatu mfululizo. Akaniuliza yule dada anasema nini hasa pale anapofunga duka. Akauona mkongojo wangu.

"Kumbe na wewe, kaka."

Hakukasirika. Bora angenitukana. Nikamjibu sijui anasema nini. Ndiyo kweli pekee niliyosema wiki hii. Akasema yeye amefurahi tu kumwona mtu anafanya kazi yake mpaka jioni na hakuna anayemwombea apone. Akaenda zake.

Jumamosi, 11 Juni
Leo nimesema kinachoonekana tu. Anafungua duka. Anaziba pancha. Mteja anamtania, naye anamrudishia. Hajarogwa. Mguu uko hivyo. Sehemu ya pili hakuna, niliwadanganya, nimewaambia waziwazi.

Makelele. Wengine wametoka wanadai kiingilio chao. Wachache wamebaki mpaka mwisho. Pale anapofunga duka nimezima maiki, wamsikie mwenyewe na Kijapani chake.

Kapinga hakufoka. Amechukua maiki mkononi mwangu, akasema Jumatatu anakuja mtafsiri mwingine kutoka Namtumbo. Nimeumia. Miaka mitatu nimemjazia lile banda.

Jumapili, 12 Juni
Misa ya kwanza. Nimesinzia kwenye mahubiri.

Jumatatu, 13 Juni
Nimefua. Nimelala mchana. Sijutii. Uongo, najuta, hasa ilipofika saa kumi, saa ya onyesho, na sina pa kwenda.

Nikaenda sokoni. Nimeuliza bei ya dagaa, mama anayeuza akainua kichwa. Ameitambua sauti. Akatazama mkongojo, akatazama mguu, akanitazama usoni. Akauliza kama ni mimi yule wa video. Nikasema ni mimi, mama. Akauliza yule dada atapona lini. Nikamwambia haponi, kesho anafungua duka.

Akanifungia dagaa kwenye gazeti.