Mkono wa Phanuel

Jumatatu, 2 Juni 2025
Daktari wa India amepiga simu. Picha za kichwa cha Phanuel zimekubali. Zangu zimekataa — mfupa wangu wa kichwa eti utatawanya yale mawimbi ya mashine, hayatafika kwenye ubongo. Mtetemeko wetu wa mikono ni mmoja, tuliurithi kwa mama mmoja. Ndugu yangu atapona, mimi nibaki. Beverly, binti yake aliyetupangia safari, alilia kwenye simu. Mimi sikulia. Nilirudi kwa cherehani, nikajidunga sindano.

Alhamisi, 12 Juni
Wamemnyoa upara, wakamlaza kwenye mashine akiwa macho. Hakuna kisu. Beverly katuma video: mkono wa kulia unachora duara. Safi kabisa. Nimeitazama mpaka simu ikazima.
Leo mteja amechukua kitambaa chake kabla sijakishona. Sare ya mtoto. Anatafuta fundi mwenye mkono mtulivu.

Jumapili, 29 Juni
Ibada ya shukrani, Lurambi. Phanuel alimimina maji kwenye glasi mbele ya kanisa. Hakumwaga. Makofi. Akasema Mungu amemgusa. Mashine hakuitaja. India aliitaja mara moja, kama mahali pa kutembea. Halafu mke wa mchungaji akaniuliza, watu wakisikia, kama mikono inatetemeka kwa sababu bado ninakunywanga. Mimi! Hata pombe ya busaa sijaonja. Nikamtazama Phanuel. Anajua. Alikuwa anakunja karatasi ya nyimbo, polepole, kwa mkono ule.

Jumanne, 8 Julai
Sijashona wiki hii. Phanuel hajapita.

Jumanne, 19 Agosti
Kaja leo bila hodi. Nimempa chai, hakuinua kikombe. Nikamwambia inapoa. Akaweka mkono wa kulia juu ya meza, akauacha hapo. Unatetemeka. Si kama zamani, lakini unatetemeka.
"Mtetemeko umerudi tangu wiki jana," akasema. "Daktari alituonya inawezekana. Dada, usiambie watu wa kanisa."
"Na wakiuona wenyewe? Utawaambia unakunywa?"
Akaanza kulia, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa. Nami nilifurahi. Niandike hivyo hivyo: nilifurahi. Nikakimbilia jikoni asinione.
Bado niko huku, naandikia juu ya debe la unga. Ananiita — Zipporah, Zipporah — kama tulipokuwa watoto. Sijui nitatoka na uso gani.