Filamu ya Kuangalia na Mzazi

Dada yangu Kemunto, mpendwa hata baada ya yote uliyonitupia,

Ulinitukana kwenye kundi la familia, ujumbe wa sauti mrefu kama mahubiri ya Sabato, na kila mtu akasikiliza, hadi binamu zetu wa Kenyenya ambao huwa hawafungui kitu ila picha za harusi. Kwa hivyo nami nakujibu waziwazi, wote wasome. Ulisema namharibu mwanao Momanyi kwa filamu za damu. Ulisema shule zikifungwa atolewe kwa Mama hapa Keumbu, apelekwe bweni huko Nyamira, mbali na mimi na kibanda changu cha video. Ukamalizia, "Wewe hukumaliza shule, usimfunze mtoto wangu ujinga."

Sawa. Shule niliiacha kidato cha pili, au iliniacha, tusibishane. Lakini kwa mambo ya filamu mimi ni profesa. Uliza mtu yeyote sokoni ni nani anayeshika maiki pale kibandani. Mzungu akisema sentensi moja, mimi natafsiri tatu, na zangu ndizo tamu. Sasa kaa chini, profesa akuelimishe.

Unakumbuka wewe mwenyewe ulivyokuwa ukinilinda? Tulichungulia kwa tundu la mabati ya kibanda hikihiki, kabla sijawa bosi wake, mimi juu ya kreti ya soda, wewe nyuma yangu na kikapu cha majani chai mgongoni. Mtu akichomwa kisu tumboni, uliniacha niangalie mpaka matumbo. Lakini mwanamume na mwanamke wakisogeleana tu, hata hawajagusana, kiganja chako paa! machoni.

"Hii si yako," unasema.

"Kwani ile ya kisu ilikuwa yangu?"

Ukanifinya sikio. Na Mama, Mwadventista wa kweli, tukifika nyumbani hakuuliza tumeona filamu gani. Aliuliza tu kama jua la Ijumaa lilikuwa limeshatua, Sabato imeingia. Siku nyingine zote tungeweza kuona dunia nzima ikichinjwa, yeye anapika tu mboga zake.

Basi wale watu wa Nairobi wanaobandika umri kwenye filamu ni wewe na kiganja chako, tofauti ni mshahara. Wanatazama damu, matusi na mabusu. Damu ikionekana, kumi na sita. Lakini hizi filamu za mashujaa wanaopaa, jamani! Mtu anarushwa akapasua ukuta, anatokea upande wa pili akapasua mwingine, mji mzima unalala chini, na hakuna hata tone la damu. Vumbi lenyewe linaogopa kukaa kwa nywele za shujaa. Basi wanabandika: mtoto aangalie na mzazi. Watu wamekufa kama siafu, lakini wamekufa kwa usafi, kwa hivyo hakuna shida. Nani aliwafunza hawa kazi?

Desemba mwanao alipotahiriwa na kukaa ndani na wenzake, alitoka amebadilika hata mwendo. Akaja mlangoni mwa kibanda. Filamu ya siku hiyo ilikuwa na alama ya kumi na sita, shujaa wa kukata watu kwa panga. Nikamzuia.

"Rudi nyumbani, mtoto."

"Mtoto ni nani? Mimi si omoisia tena," akanijibu, kifua mbele. Unajua uzito wa neno hilo. Ukimwita omoisia, mvulana asiyetahiriwa, yule aliyekwisha kupita kisu, umetafuta vita.

"Hapa wameandika kumi na sita. Wewe uko gredi ya nne."

"Hao walioandika walikuwa wapi nikikatwa? Sikulia, Anko. Uliza magokoro."

Na huyo nyanya yake, mama yetu, alikuwa anapita na mkungu wake wa ndizi. Akanigeukia: "Mwachilie aingie. Huyo ni omomura, mwanamume kamili. Unamfukuzaje mwanamume mlangoni?" Wanawake wa sokoni wakacheka, mmoja akauliza kama mimi mwenyewe nilitahiriwa.

Nilikataa, Kemunto. Rudia hapo, usome tena. Huyu ambaye hakumaliza shule alishika sheria, huku mama wa kanisa akinisukuma niivunje. Nikamwambia Momanyi arudi Jumapili, kutakuwa na ile ya kuangalia na mzazi. Mzazi gani? Mzazi yuko Uarabuni anapiga pasi kanzu za wenyewe. Nikamkalisha kando yangu, nikawa mzazi.

Hiyo Jumapili damu haikuwepo. Ghorofa za vioo zilianguka moja juu ya nyingine kama mabua. Mwanamke akaponyoka kutoka juu kabisa, shujaa akashuka kama mwewe, akamdaka. Kibanda kikalipuka kwa makofi. Momanyi peke yake hakupiga. Akanivuta shati, na maiki iko wazi.

"Anko, kwa nini amemdaka huyo?"

"Ni mpenzi wake."

"Na wale wengine kwa nyumba?"

"Wale ni wa filamu tu."

"Mama anakaa ghorofa kama hiyo. Yeye nani atamdaka?"

Mimi, wa sentensi tatu kwa moja, nikazima maiki, lakini nimechelewa. Kibanda kizima kilimsikia kwa spika, na hata wale wahuni wa nyuma hawakucheka.

Hapo ndipo Momanyi alipoanza kulia darasani. Shangazi yetu akakupigia, akakwambia ni damu ya filamu zangu. Damu gani? Huyu mtoto hushika miguu ya mbuzi akichinjwa, kisha anaomba figo! Ni ile picha uliyotuma, umesimama roshani ya matajiri wako, mji wa vioo nyuma yako, ukatuambia tufurahi. Kila akitoka shule anachukua simu ya Mama, anaikuza hiyo picha, anatafuta ngazi. Hazionekani. Ananiuliza mimi ziko wapi. Nitajuaje? Nimefika Kisii mjini na Itumbe, basi.

Na sasa eti bweni. Mmoja wa kumdaka alipanda ndege, unataka kumwondoa na wa pili? Najua huyo wa pili ni mimi, mwembamba kama fito, lakini ndiye aliyepo. Mwanamume asiyelia kwa kisu analia kwa ajili yako, Kemunto, na wewe unatafuta mchawi kibandani kwangu.

Mpigie kwa video, saa za mchana, wenye nyumba wakiwa wametoka. Usimhubirie wala usimwulize masomo. Shika simu, umwonyeshe mlango, kisha ngazi, ushuke nazo zote polepole mpaka chini, mpaka barabarani kwenyewe. Aone unaweza kushuka kwa miguu yako mwenyewe.

Na kama mlango huo hufungwa kutoka nje, usimwonyeshe. Niambie mimi peke yangu.

Mdogo wako aliyekukasirikia, na ambaye hatamtoa mtoto hapa mpaka umpigie.